Rudisha Kitambulisho Changu

Mwaka juzi, miezi michache baada ya kuacha chuo, kitambulisho changu kilikaa wiki sita kwenye dashibodi ya pikapu ya mtu. Vilikuwa vinane, vimefungwa pamoja kwa raba. "Ni ya usalama tu, vijana," mwenye kampuni alituambia siku ya kwanza. "Wilbaro zangu mbili zilitembea." Tukacheka, tukampa. Karo ilikuwa imenishinda, na mia tano kwa siku ilikuwa pesa.

Kampuni ilikuwa ya landskepingi, ndivyo sote tunavyotamka. Ukipita Elgon View unaona kazi yake: nyasi laini kama kapeti, ua wa kayaba ulionyolewa, mitende miwili kando ya geti. Ile nyasi hupandwa kishada kimoja kimoja kwa mkono, mtu ameinama tangu saa moja asubuhi, na mvua ya Aprili ikimnyeshea kwa sababu Aprili ndiyo wakati wa kupanda. Samadi tulibeba kwa gunia mgongoni. Mwenye nyumba hakuwahi kutuuliza hata majina.

Siku tatu za kwanza tulilipwa jioni. Ya nne tukaambiwa, "Mteja hajatuma. Vumilieni hadi Jumamosi." Jumamosi ikaja nusu. Kila wiki ikabaki nusu nyingine, na nilipofikia kumdai elfu nne na mia tano ndipo nikaelewa nimefungwa. Nikiondoka, pesa nimemwachia. Na kadi? Bila kadi, Kenya hii huwezi kusajili laini wala kutoa pesa kwa wakala, na askari akikusimamisha usiku Langas, jieleze.

Kulikuwa na mzee mmoja kati yetu, wa umri wa baba yangu, aliyekuja kazini siku moja akitetemeka kwa homa. Nikamwambia, "Mzee, si ungelala leo?" Akanijibu, "Nilale aje, kijana? Amesema ukikosa siku moja, ile ya wiki anafuta."

Sasa tusome sheria, maana watu wanadhani kazi ya kulazimishwa ni lazima kuwe na mjeledi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaieleza kuwa kazi anayofanyishwa mtu kwa tishio la adhabu, likiwemo tishio la kupoteza haki zake, wala hakujitolea kwa hiari. "Ukikosa siku moja, nafuta wiki" ni nini basi? Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Kushikilia hati za utambulisho imo. Kushikilia mshahara imo. Sisi tulikuwa nazo zote mbili kwenye pikapu moja, na jirani wakatuita vijana wenye bidii.

Na hapa Uasin Gishu tungefaa kuijua harufu hii mapema. Mji huu ulianzia kwenye shamba la walowezi, namba 64. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, kwenye kijisanduku cha chuma alichoning'iniza shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro na polisi wanakutafuta. Walau babu alibeba chake mwenyewe. Changu kilibebwa na mdosi.

Nimeshasikia majibu yao. Eti mliingia kwa hiari. Ndiyo, hata mtego wa panya kuingia ni rahisi. Eti mteja kweli hakuwa amelipa. Hilo nalikubali, tena wenye majumba wengine ni wabaya kuliko kontrakta: nyasi ikishashika rangi ndipo wanaanza kutafuta kasoro. Lakini kituo cha mafuta hakikumkopesha bosi wetu. Duka la mbolea halikumkopesha. Mbona mimi, niliyekuwa nakula sukuma kwa deni pale kibandani, ndiye nimkopeshe mtu mwenye pikapu, tena bila riba? Biashara isiyoweza kusimama bila mikopo ya vibarua wake haijasimama.

Kuzuia haya hakuhitaji warsha hotelini. Andika namba ya kitambulisho, rudisha kadi hapo hapo. Kama unaogopea wilbaro, nunua kufuli. Chukua malipo ya awali yanayotosha mishahara ya kazi nzima kabla jembe halijagusa udongo. Mteja akikataa, achana na kiwanja chake. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo hiyo kinasema kibarua wa siku alipwe siku ikiisha. Tuma kwa simu yake mwenyewe, si kwa ya msimamizi, maana kwa msimamizi pesa hupungua njiani. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mwezi mfululizo, si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Na mtunza bustani ametajwa waziwazi katika amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara, mstari mmoja na mfagiaji na yaya. Hakuna kontrakta atakayesema hakujua ni kundi gani.

Wewe mwenye geti, nawe usijifiche nyuma ya kontrakta. Ulipopewa bei ya chini kuliko wengine wote, ulidhani imepunguzwa wapi? Samadi haikushuka bei. Toka nje saa kumi jioni, uwaulize vijana wamelipwa lini mara ya mwisho, na kadi zao ziko wapi. Kaunti nayo iulize vivyo hivyo kabla ya kumpa mtu kazi ya kupanda maua barabarani. Eldoret ni jiji tangu Agosti 15, 2024, na jiji litataka kupendeza.

Kadi yangu niliipata Jumapili moja. Nilimngoja nje ya kanisa lake, na watu walipoanza kutoka nikasema kwa sauti, "Boss, naomba kitambulisho changu." Alitabasamu, akaenda kwa pikapu, akafungua raba. Wenzangu wakaja Jumapili iliyofuata.

Pesa bado. Tarehe zote ninazo kwenye daftari, na sheria inanipa miaka mitatu ya kudai.