Kisu cha Kwanza: Kipi Kiende Kibwezi?



Majuma matatu yaliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kisauni, aliniletea picha mbili kwa simu akiwa amesimama dukani Mwembe Tayari. Kila picha ilikuwa na kisu cha kukunja. Chini yake aliandika: "Shikamoo mjomba. Nichukue kipi? Mwenye duka anataka kufunga aende akasali adhuhuri."

Kijana huyu ana umri wa miaka 19. Amepata kazi kwa mwenye bustani ya miche karibu na Kibwezi, kaunti ya Makueni, ambako atafundishwa kubebesha miembe na kuvuna matunda. Baadaye atapelekwa upande wa Kitui kwa kazi iyo hiyo. Ameambiwa aje na kisu chake mwenyewe. Maishani mwake hajapata kumiliki kisu. Anachokijua ni kile cha jikoni kwa mamake, nacho amekatazwa kukigusa.

Nilimjibu atoke dukani bila kununua chochote. Sikuwa na nia ya kumsumbua. Mwaka juzi kijana mwingine wa ukoo wetu alinunua kisu cha kukunja cha bei ya chini, kisicho na jina wala kifungio. Alikitumia kutoboa dumu la plastiki. Bapa likajikunja kwa nyuma na kumfungia kidoleni. Kano ya kidole cha shahada ilikatika, na hadi leo hawezi kukikunja kidole hicho. Mtu akishaona jambo kama hilo nyumbani mwake, hawezi tena kusema "chukua chochote".

Basi na tuvitazame visu viwili alivyoonyeshwa, kwa kuwa huenda nawe msomaji una kijana anayesubiri jibu la swali hilo.

Cha kwanza kilikuwa Okapi. Kina mpini wa mti wenye nakshi za mwezi mwandamo na nyota, bapa moja refu kiasi cha sentimita 10, na pete ndogo ya chuma mgongoni. Ukikifungua hulia kwa vituo, kisha hujifunga. Hakikunjiki mpaka uivute pete hiyo. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina lilitokana na mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla yake. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini.

Cha pili kilikuwa kile chekundu cha Uswisi chenye alama ya msalaba, ambacho watu wengi wamekiona katika filamu. Ndani yake mna bapa kubwa lisilozidi sentimita 7, bapa dogo, mkasi, bisibisi, msumeno na kifungulio cha kopo. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka 1884, akaanza kuliuzia jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maafisa ambacho ndicho babu wa hiki. Jina Victorinox limetokana na Victoria, mamake Elsener, pamoja na neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Bei yake dukani ilikuwa zaidi ya mara tano ya kile cha kwanza.

Kwa mtazamo wa haraka, mimi mwenyewe nilielekea kwenye kile chekundu. Ni kidogo, hakitishi mtu, hakishiki kutu, na kina zana nyingi. Lakini kabla ya kumjibu kijana nilikwenda Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji Wakamba uliopo tangu mwaka 1963. Wachongaji wengi wa pale wana asili ya Machakos, Kitui na Makueni, na hakuna siku wanayokaa bila chuma chenye makali mkononi. Nilimkuta mzee mmoja akilainisha shingo ya twiga wa mwarobaini. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwonyesha zile picha.

Hakuniuliza bei wala jina. Aliniuliza maswali matatu: "Mkono wake utafanya nini kutwa nzima? Kisu atakinoa nani? Na kikimponyoka, kitaangukia wapi?"

Nimeyatafakari maswali hayo, nami nayaona yanatosha kumwongoza mnunuzi yeyote wa kisu cha kwanza.

Tuanze na kazi. Kubebesha mwembe ni kukata kikonyo kutoka kwa mti wenye matunda mazuri, kukichonga kama kabari, kupasua shina la mche mchanga, kisha kukitia kikonyo ndani ya ule mpasuko na kufunga kwa utepe wa plastiki. Mafanikio yote yamo katika mkato. Ukiwa laini na ulionyooka, ngozi mbili za ndani hugusana na kushikana. Ukiwa wa kuchanachana, hewa huingia, kikonyo hukauka. Ndivyo ngowe na apple, maembe ambayo asili yake ni huku kwetu pwani, yalivyoenea katika mashamba ya Makueni, hata kaunti ikajenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Ndivyo pia Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ilivyozalisha mikau bora huko Tiva, Kitui, na huko Kibwezi: kwa vikonyo vya miti iliyochaguliwa. Kazi hii haihitaji bisibisi wala kifungulio cha kopo. Inahitaji bapa moja lenye makali ya wembe, na mpini mnene unaojaza kiganja, kwa sababu mtu anakata mamia ya vikonyo kwa siku.

Swali la pili ni la chuma. Bapa la Okapi ni chuma cha kaboni cha kawaida. Bapa la Uswisi ni chuma kisichoshika kutu, yaani chenye angalau asilimia 10.5 ya kromiamu. Kwa nyumba zetu za pwani, ambako hewa ya chumvi hula hata bawaba za milango, ningesema bila kusita kwamba chuma kisichoshika kutu ndicho bora. Lakini Kibwezi si Kisauni. Ukambani ni nchi kavu. Mvua zake ni za misimu miwili, na ile ya kutegemewa zaidi ni ya kati ya Oktoba na Disemba. Chuma cha kaboni huko hudumu miaka mingi, mradi kipanguswe. Fadhila yake ni kwamba hunoleka upesi kwa kinoo cha kawaida na hupata makali membamba sana. Kasoro yake ni kwamba maji ya embe hukipaka weusi, na kikilazwa na utomvu usiku kucha, asubuhi kina madoa ya kutu. Dawa ni kitambaa kikavu kila baada ya kazi, na tone la mafuta ya kula kabla ya kulala.

Swali la tatu ndilo lililonigeuza moyo. Bapa kubwa la kile kisu chekundu cha ukubwa wa kawaida halina kifungio. Linashikiliwa na springi tu. Kwa kukata tunda mezani hilo si neno. Kwa mtoto wa kazi anayesukuma bapa kwenye mti mgumu, tena mgeni asiyejua bado kuelekeza nguvu zake, nikakumbuka kile kidole kisichokunjika. Okapi hujifunga.

Hata hivyo, sitaki msomaji aelewe kwamba kile chekundu ni kisu kibaya. Angekuwa kijana huyu ni fundi wa simu, dereva wa masafa, au mwanafunzi wa kike anayekwenda kuishi bwenini chuoni, ningemchagulia hicho, kwa sharti kwamba ni cha asili. Kilicho cha kweli kina jina la mtengenezaji limegongwa kwenye mzizi wa bapa kubwa, na kila zana hufunguka kwa ukinzani ulio sawa. Bandia zimejaa masokoni, na wahenga walituonya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Aidha, kimoja kati ya hivi viwili kisichukuliwe kuwa cha kuchinjia; kuchinja kuna kisu chake kisichokunjwa, kirefu na kikali.

Basi nilimwambia kijana achukue Okapi, lakini akipime kwanza mbele ya mwenye duka. Akifungue na kukifunga mara kumi. Akishike bapa kwa upande wa mgongo na kulitikisa: likicheza kwenye kiungo, akirudishe. Kikiwa wazi, akibonyeze mgongo wa bapa juu ya meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali: kifungio kikiachia, akirudishe. Kikiwa kimefungwa, atazame kama makali yote yamezama ndani ya mpini. Alivipima vitano, akavikataa vinne.

Nilimpa pia kinoo, nikamwonyesha kukishika kisu kwa mwinamo wa takriban nyuzi 20, kusukuma kwa upole, upande huu na upande ule kwa idadi sawa, na kujaribu makali kwa karatasi badala ya kidole gumba. Nikamkataza kukipeleka kwenye cherehe ya umeme, kwa maana moto wake hulainisha chuma kikapoteza ugumu. Watu hudhani kisu kikali ndicho cha hatari. Mara nyingi ni kinyume: kisu butu hulazimisha nguvu, nguvu huleta kuteleza, na mkono wa pili ndio unaokuwa mbele.

Yapo mambo mawili ambayo wazazi husahau. La kwanza ni sheria. Nchini Kenya ni kosa kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila sababu ya halali. Kisu kirefu kinachojifunga, kikiwa mfukoni mwa kijana sokoni usiku, kitahesabiwa kuwa silaha. Kisu kicho hicho kikiwa kwenye mkoba wa kazi pamoja na utepe, mkasi wa kupogolea na vikonyo, ni zana. Katika baadhi ya miji ya kusini mwa Afrika jina la Okapi limehusishwa na wahuni wa mitaani, na kijana aelewe kwamba sifa ya kisu huletwa na mwenye kukishika. Nilimtaka aniahidi kwamba kisu hakitoki shambani, wala hakifunguliwi mbele ya watu kwa mzaha au kwa hasira. Ahadi hiyo aliitoa mbele ya mamake.

La pili ni safari. Dada yangu alikuwa amekwisha kumkatia tiketi ya garimoshi la SGR, ambalo husimama Kibwezi. Mizigo yote hukaguliwa Miritini, na visu haviruhusiwi kupanda. Tulilikumbuka hilo usiku wa kuamkia safari, begi likiwa limekwisha kufungwa. Dereva mmoja wa lori, ambaye hushusha maembe Kongowea na kurudi Ukambani akiwa mtupu, alitusaidia: alikichukua kisu pamoja na kinoo, vimeviringwa kitambaani ndani ya kopo, akamkabidhi mwenye bustani.

Ndani ya kopo hilo mamake aliongeza bendeji na dawa ya kusafishia vidonda, nami namsifu kwa hilo. Akijikata, aoshe kwa maji safi, abane kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia, na mkono auinue juu ya kifua. Kidonda kikiwa kirefu, au kidole kikikosa kukunjika au kuhisi, aende hospitali siku hiyo hiyo, aulize na sindano ya pepopunda. Yule kijana wetu wa kwanza alikaa nyumbani siku tatu akitia majani.

Juzi mpwa wangu aliniandikia. Mwenye bustani alikitazama kisu, akakipitisha kwenye karatasi, akauliza nani aliyekinoa. Kijana akajibu kwamba ni yeye. Mwalimu wake alimweleza kwamba akiendelea na kazi hii atahitaji kisu maalumu cha kubebeshea, kilichonolewa upande mmoja tu, lakini hiki kinatosha kwa mwanzo. Akamfundisha kukipangusa kwa spiriti kila anapohama mti, asije akabeba ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine. Kisha akamkabidhi miche kumi ya kujifunzia.

Wiki tatu au nne zijazo zitaonyesha ni mingapi iliyoshika. Mamake ameanza kuhesabu siku.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.