Nani Ako na Linki?

Wasee, leo tuongee ukweli. Video ya mtu akiwa uchi ikivuja usiku, kufika asubuhi swali kwa kila grupu ni moja: "Nani ako na linki?" Hakuna anayeuliza kama huyo mtu alikubali kurekodiwa. Hakuna anayeuliza kama ako sawa.

Mnakumbuka Novemba 2024? Video za Baltasar Ebang Engonga, aliyekuwa mkuu wa shirika la kuchunguza fedha kule Guinea ya Ikweta, zilisambaa Afrika nzima. Jamaa alikuwa ameshikwa kwa mambo ya ufisadi, halafu video zake na wanawake wengi, zingine zikiwa za ofisini, zikaishia kwa simu zetu hapa Kenya. Tulifanya nini? Tulicheka. Yeye akageuzwa shujaa, akatengenezewa vichekesho kila siku. Wale wanawake je? Wengine walitajwa kuwa wake za wakubwa serikalini. Nyuso zao zilizungushwa bara zima na hakuna aliyewaonea huruma. Mwaka wa 2025 jamaa alifungwa miaka 8, lakini hiyo ilikuwa ya pesa za umma. Aibu ya video walibaki nayo wanawake.

Sasa fungua Yohana 8. Wakuu wa dini wanaleta mwanamke aliyeshikwa akizini. Mimi huwa najiuliza, mwanamume ako wapi? Walawi 20:10 ilitaka wote wawili wahukumiwe, na mtu hazini peke yake. Umati ulichagua aibu ya mmoja, mwingine akaenda zake. Karibu miaka 2,000 imepita na bado tunafanya vile vile, tena siku hizi mawe tunarusha kwa bando.

Najua kuna mtu atasema, "Mimi sikuvujisha, niliforwadiwa tu." Poa, lakini na wewe ukaforwadi? Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni, kifungu cha 37, inasema ukisambaza picha ya utupu ya mtu mwingine unaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 2, ama vyote viwili. Kwa hivyo hiyo "nimetuma tu kwa grupu ya maboys" ni kosa.

Lakini sheria inashika anayesambaza. Yule anayetazama chini ya blanketi saa nane usiku, hakuna polisi atamfikia. Hapo ndipo Mathayo 5:28 inaingia, Yesu akisema dhambi inaanza na jicho linalotamani. Na angalia vizuri anaongea na nani. Anaongea na anayetazama. Urefu wa sketi hajautaja. Kanisani kwetu mara nyingi tunapindua hiyo: wasichana wanafunzwa kuvaa, wavulana hawaambiwi chochote kuhusu simu zao, halafu tunashangaa.

Wazazi wetu wanasema dunia imeharibika juu ya nguo fupi, muziki na Wazungu. Mimi naona maadili yanaoza pale unaweza kumwangalia binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu na usijali kama anaumia. Ponografia inakufunza hivyo polepole. Leo ni mtu usiyemjua, kesho ni video ya msichana mliyesoma naye, na kidole chako hakisiti.

Kwa hivyo tufanye nini? Usiitishe linki. Ikikufikia, futa, na ukiweza waambie kwa grupu waache. Ayubu 31:1 inamwonyesha akifanya agano na macho yake, kwa hivyo hii vita si ya jana. Kama umenaswa na umechoka kujificha, tafuta mtu mmoja mkubwa unayemwamini umwambie. Yakobo 5:16 inaunganisha kuungama na kupona, na siri ndiyo inalisha hii kitu.

Na wewe dadangu ama ndugu yangu ambaye video yako iko huko nje: kumbuka Yesu kwanza aliuondoa umati, ndipo akaongea na yule mama kuhusu maisha yake. Hakumhukumu. Kanisa likianza na mawe, limekosea mpangilio.

Siku nyingine mtu akiuliza nani ako na linki, jibu lako litakuwa gani?