Shabiki, kabla hujabisha uliza: Kati ya ngapi?

VIJIWE vya bodaboda vya Chanika pale Handeni na Manundu pale Korogwe haviishiwi ubishi, na mmoja wao ni huu: nani mkali zaidi wa kufunga, Meddie Kagere alipokuwa Simba au Stephane Aziz Ki alipokuwa Yanga? Mwana Msimbazi anatoa namba. Kagere alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19, Aziz Ki akaishia 21 msimu wa 2023/24. Ubishi umeisha, lete soda.

Haujaisha, kaka. Kagere alifunga zile 23 kwenye ligi ya timu 20, kila timu ikicheza mechi 38. Aziz Ki alifunga zake kwenye ligi ya timu 16, mechi 30. Kwa kasi ileile, mechi 38 zingempa karibu mabao 27. Sisemi Aziz Ki ni bora kuliko Kagere. Kuna penalti, kuna mechi ambazo mtu alikaa benchi au alikuwa majeruhi. Ninachosema ni kwamba 23 kuizidi 21 hakumalizi kesi mpaka uulize: kati ya mechi ngapi?

Kupoteza soda kwa ubishi siyo hasara kubwa. Shida inaanza pale hesabu ya namna hiyo inapoingia kwenye mkeka.

Novemba 2022 Yanga ilifikisha mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ikaenda Mbarali kucheza na Ihefu iliyokuwa inahangaika chini ya msimamo. Nani angesita kuweka hela? Novemba 29, Ihefu ikashinda 2-1. Zile 49 zilikuwa za kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini zilikuwa zinasimulia yaliyopita, hazikuwa dhamana ya mechi ya 50. Tena “bila kupoteza” ina sare ndani yake. Aliyekuwa anaipa Yanga ushindi kila wiki alishachana mkeka siku za sare, kabla hata Ihefu hawajafika.

Sasa mchukue kijana anayepanga timu tano “za uhakika”. Tuseme kila moja ina nafasi 80 kati ya 100 ya kushinda. Yeye anaiona ile 80 na moyoni ameshashinda. Tuhesabu basi mikeka 100 ya aina hiyo. Mechi ya kwanza inabakiza 80. Ya pili inabakiza 64. Ya tatu 51, ya nne 41, ya tano 33. Mikeka 67 imechanika, na hakuna timu hata moja iliyokuwa mbovu. Akipanga timu kumi, inabaki kama 11 tu. Picha ya mkeka uliotiki inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp imetoka kwa hao 11. Wale 89 hawapigi picha.

Swali hilo linafaa hata nje ya uwanja, na Korogwe ina mfano wake yenyewe. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, yaliyofanyika kwa watoto wadogo wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya. Ikatangazwa kuwa inapunguza malaria kwa asilimia 53. Mtu anaweza kusikia hivyo akadhani watoto 47 kati ya 100 waliochanjwa waliugua. Sivyo. Kati ya watoto 402 waliopata chanjo hiyo, waliougua malaria ni 32. Kati ya 407 waliopewa chanjo nyingine, waliugua 66. Yaani kama wanane kwa kila mia, dhidi ya 16 kwa kila mia.

Na hapo uulize pia: kwa muda gani? Hao walifuatiliwa kwa wastani wa miezi minane hivi. Kwenye majaribio makubwa yaliyofuata, ambayo Korogwe ilishiriki tena, watoto wa umri huo waliopata dozi nne walifuatiliwa kwa takriban miaka minne, na kinga ikasomeka asilimia 36. Chanjo haikugeuka kuwa feki. Ni kama straika mwenye mabao sita kwenye mechi tano za mwanzo. Msubiri ligi iishe ndipo umpe sifa zake kamili.

Kwa hiyo sisi tunaoandika kurasa hizi tukisema timu ina mechi nne bila ushindi, tuseme na ngapi zilikuwa ugenini. Nanyi mashabiki mkibanie mwandishi anayewapa namba nusu. Zaidi ya hapo, hela ya mafuta ya pikipiki isiende kwenye mkeka kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeiuliza kati ya ngapi.