Fundi Asione Haya Kudai Ujira Wake



Hapa mjini Morogoro mafundi cherehani wamejaa katika baraza za maduka, na karibu kila mmoja atakuambia kuwa mteja ni mfalme. Mimi siafiki. Mfalme asiyelipa huwaacha watoto wa fundi bila nauli ya kurudi bwenini, nami nasema hivi kwa kuwa baba yangu ni fundi.

Mteja mgumu hujulikana mapema, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mmoja akifika huanza kuwatukana mafundi waliotangulia: huyu alimharibia suruali, yule alimwibia kitambaa. Yafaa fundi ajiulize yeye atakuwa wa ngapi katika hesabu hiyo. Mwingine huleta kitambaa cha gauni moja akataka magauni mawili. Mwingine huja siku moja kabla ya Idd, naye ataka kuivaa nguo kesho. Lakini wa hatari kuliko wote ni yule mpole, ambaye ukimtajia bei hucheka na kusema, "Tutaelewana tu, fundi."

Dawa yake si matusi. Fundi na awe na daftari, aandike vipimo, mshono, bei na siku ya kuchukua, kisha adai arubuni, walau nusu ya ujira. Mteja mwema hatakasirika. Mgumu ataondoka, na kuondoka kwake ni faida. (Naam, mafundi nao wana "njoo kesho" yao, na fundi asemaye hivyo mara tatu hana haki ya kumlaumu mtu.)

Tena wengi hawajui kuwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 humruhusu fundi kukizuia kitu alichokifanyia kazi mpaka alipwe ujira wake, isipokuwa kama walipatana vingine. Basi fundi anayesema, "Chukua, utalipa mwisho wa mwezi," ameitupa ngao yake mwenyewe.

Shida kubwa kwetu ni ndugu. Sisi Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Mwaka jana mjomba wake baba, ambaye mimi namwita babu, aliteremka kutoka Matombo na kitambaa cha suti. Alipewa chai, akapimwa, akashonewa, akaenda na suti yake harusini, na ujira ukabaki "nikiuza karafuu". Karafuu zimekwisha kuuzwa. Baba hasemi neno, maana kumdai mjomba ni aibu.

Labda wazee watasema sina adabu, lakini mimi naona aibu hiyo ni ya mwenye deni. Mjomba astahili shikamoo, chai na kiti kizuri. Uzi, vifungo na kodi ya baraza havijui ujomba. Baba akipenda na ampunguzie bei, hata theluthi, lakini iandikwe na arubuni itangulie. Nimemnunulia daftari, ila bado hajaanza kuandika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne