Bastola ya mtumba: soma karatasi kabla ya kuangalia mtutu



Vijana wenzangu wenye biashara kule Ngara na Biharamulo huniuliza maswali mengi, lakini lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Kaka, nikipata rivolva ya mtumba kwa bei nzuri, ninunue?" Anayeuliza si jambazi. Ni mnunuzi wa kahawa na maharage, ni mwenye duka la jumla pale Benaco, ni kijana anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo Biharamulo. Hajawahi kumiliki silaha yoyote maishani mwake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kunisingizia. Sipingi raia mwema kumiliki silaha kwa mujibu wa sheria. Ninachopinga ni kununua chuma kwanza, halafu ndiyo uanze kutafuta karatasi. Kwa wilaya hizi mbili, hilo ni kosa linaloweza kukugharimu ujana wako wote.

Ukiwa umekaa zako Sinza au Mikocheni, unaweza kudhani watu hawa wanaona sinema nyingi. Hapana. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na watu wakakimbilia kwetu. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Wengi walikuwa raia wanaokimbia kifo. Lakini vita ya jirani haivuki mpaka na masufuria na magodoro tu. Bunduki nazo zilivuka. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa Desemba 1996, ila bunduki haina kambi wala haipandi lori la kurudi kwao.

Kilichofuata wenyeji wanakikumbuka vizuri. Kwa miaka mingi mabasi yalipita kwenye misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka na kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Septemba mwaka huohuo ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Kwa hiyo anayetaka bastola kule hajatoka kwenye sinema. Ana kumbukumbu.

Sasa tufanye hesabu. Majambazi wa barabarani hawaji mmoja mmoja. Wanaweka magogo au mawe njiani na kujificha vichakani, tena mikononi wana SMG. Magazini yake ya kawaida inachukua risasi 30. Rivolva ya kawaida inachukua 6, nyingine 5. Wewe umekaa siti ya mbele, mkanda umekubana, mikono inatetemeka, na adui humwoni. Hebu niambie, utamfyatulia nani? Mara nyingi kitakachotokea ni kwamba jambazi aliyekuja na SMG moja ataondoka na SMG moja na bastola yako juu.

Barabara zile hazikutulizwa na bastola za abiria. Ni msindikizo wa polisi, doria na kupungua kwa vita kwa majirani. Na kuna kitu kingine tunakisahau: simu. Mfanyabiashara anayelipa kupitia simu au benki habebi kibunda kiunoni. Jambazi ananusa fedha taslimu. Ukiondoa fedha mfukoni umeondoa nusu ya sababu ya kuvamiwa, tena bila kibali cha mtu yeyote.

Wapo hata hivyo ambao bado wana hoja. Mtu analala dukani, au kazi yake haikwepi fedha taslimu. Huyo akinipa sababu ya kuchagua rivolva namwelewa. Ni bastola rahisi kuielewa. Unafungua silinda na kuona risasi zote kwa macho yako. Risasi ikigoma, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Tena chuma kikitunzwa kinadumu, ndiyo maana ya mtumba huwavutia wengi.

Ila mtumba ni mtumba. Hata shati la Kariakoo unaligeuza kwapani kabla ya kulipa. Kwanza hakikisha silinda haina kitu, kisha hakikisha tena. Vuta nyundo polepole: silinda lazima ijifunge sawasawa na mtutu kabla nyundo haijafika mwisho. Ukiwa umeshikilia kifyatulio, jaribu kuitikisa silinda. Ikicheza kama jino bovu, achana nayo. Tazama mwanya kati ya silinda na mtutu, usizidi sana unene wa karatasi mbili, maana hapo ndipo moto na vipande vya risasi hutokea pembeni. Mulika ndani ya mtutu. Ukiona vishimo vya kutu, jiulize bastola hiyo ilikuwa imehifadhiwa wapi. Chuma kilichofukiwa shambani kwenye migomba hujieleza chenyewe.

Angalia pia risasi inayotumia. Kuna bastola ndogo za .22 ambazo pini hugonga ukingo wa kitako cha risasi, na kuna hizi kubwa zaidi ambazo pini hugonga katikati. Hizi za pili ndizo zenye nguvu, na ndizo zenye mitego ya majina. Rivolva za zamani za Kiingereza, Webley na Enfield, zipo zinazoitwa za .38, lakini risasi yake si ile .38 Special ya Kimarekani. Majina yanafanana, vipimo havifanani. Tena rivolva nyingi za kale hazina kizuizi cha kisasa: zikianguka chini nyundo inaweza kufyatua. Wenye busara huacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Kama hujui haya, mpelekee fundi wa silaha anayetambuliwa.

Lakini yote hayo ni ukaguzi mwepesi. Mgumu ni wa karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, na awe amethibitishwa kwamba anaijua silaha na anafaa kupewa. Maombi yanaanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wako na kupanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Leseni ni ya mtu, haihami na bastola. Hata mzee wako akifariki, leseni yake haikurithishi silaha. Ukiambiwa "karatasi zipo, tutabadilisha jina baadaye", ondoka.

Na ikija isiyo na karatasi kabisa, namba imesagwa kwa tupa, muuzaji anasema imetoka ng'ambo ya mpaka? Hapo hununui bastola, unanunua historia yake. Hujui ilimwua nani Muyinga, wala ilitumika kwenye basi gani Nyakanazi. Siku ikikamatwa nyumbani kwako, muuzaji hatakuwepo. Wewe ndiye utakayejibu, na kesi za silaha bila leseni hapa kwetu hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Biashara uliyotaka kuilinda itakufa ukiwa mahabusu.

Neno kwa wakubwa pia. Mtu mwema anayefuata utaratibu anastahili jibu, liwe ndiyo au hapana, kwa muda unaojulikana. Ukimzungusha miezi bila jibu, unamsogeza kwa yule muuzaji wa gizani ambaye hana foleni. Na vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama kile cha Septemba na Oktoba 2022, vitangazwe hadi Rulenge na Nyakahura, siyo kwenye luninga za Dar tu.

Kwa kijana aliyeniuliza, jibu langu ni hili: punguza fedha taslimu kwanza. Ukiona bado unahitaji silaha, anzia ofisi ya kijiji, usianzie kwa muuzaji. Bastola ya bei nzuri isiyo na karatasi ndiyo ghali kuliko zote.