DENI TUTALIPA, LAKINI MALIPO YA KUBUNIWA HATULIPI

Ndugu wafanya kazi,



Katika miezi hii watu wanaokuja ofisini kwetu si wale wa kulalamika juu ya saa za kazi tu. Wanakuja na simu mkononi. Wanatuonyesha maneno yaliyoandikwa humo, nao wanaona haya kuyasoma kwa sauti. Ni maneno ya wakusanya madeni. Na jambo linalotutia uchungu ni hili: wengi wa hao wenzetu deni wamekwisha lipa.

Tueleze habari ya mmoja, bila kumtaja jina. Dada yetu huyu anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Mtoto wake aliugua, akakopa Sh. 6,000/- kwa simu kwa muda wa siku 30, kwa ada ya Sh. 900/-. Siku ya kulipa ilikuwa tarehe 1, kwa maana yeye alitegemea mshahara wa mwisho wa mwezi. Mshahara haukuja. Tajiri alibandika karatasi mlangoni kusema wafanya kazi wavumilie. Mshahara ukaja tarehe 8. Jioni ile ile dada alilipa Sh. 6,900/-, na juu yake faini ya siku saba iliyokuwa katika mapatano, Sh. 69/- kila siku. Jumla Sh. 7,383/-. Akapata ujumbe kuwa deni limekwisha. Akalala.

Wiki mbili baadaye mtu alimpigia simu. Akasema kuna “gharama ya kukusanya deni”, Sh. 1,800/-. Dada akauliza, gharama gani, nami nimelipa mwenyewe? Akajibiwa kuwa faili imekwenda kwa wakili, na asipolipa kabla ya saa kumi, kaka yake, jirani yake na msimamizi wake wa kazi watapigiwa simu. Tena polisi watakuja kumchukua kazini. Dada aliogopa. Alikopa kwa kampuni nyingine ya simu, akatuma Sh. 1,800/- kwa namba aliyopewa. Hakupewa risiti. Namba yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, si ya kampuni. Siku ya tatu wakapiga tena: sasa wanataka Sh. 2,500/-.

Hapo ndipo alipokuja kwetu. Laiti angalikuja siku ya kwanza.

Sasa tuseme wazi, ili asiwepo mtu wa kutusingizia. Chama hiki hakifundishi watu kukimbia madeni. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, na sisi twasema hivyo hivyo. Mtu aliyekopa Sh. 6,000/- kwa ada ya Sh. 900/- na alipe Sh. 6,900/-. Akichelewa, na faini ilikuwa imeandikwa mbele yake kabla hajapokea fedha, na alipe faini hiyo. Lakini malipo yanayozaliwa baada ya deni kwisha, yasiyoandikwa po pote, yanayopanda kila mkopaji akionyesha hofu, hayo si deni. Huo ni unyang'anyi unaotumia simu badala ya panga.

Wako watu watakaosema, “Ninyi mlichelewa wenyewe, mlaumu nani?” Tunawauliza: nani alichelewa kwanza? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi wa mwezi alipwe mwisho wa mwezi. Tajiri alipochelewa siku nane, alilipa faini gani? Hakulipa hata senti. Lakini uchelewaji wake yeye uliteremka ngazi mpaka ukamfikia dada yetu, na huko chini ukageuka kuwa faini ya kila siku, kisha “gharama”, kisha matusi. Mkubwa akichelewa huitwa shida ya biashara. Mdogo akichelewa huitwa mwizi. Haki ya namna gani hii?

Na bei ya fedha hizo mmeihesabu, ndugu? Sh. 900/- juu ya Sh. 6,000/- ni 15 kwa mia kwa mwezi. Mtu akizungusha mkopo huo miezi kumi na miwili, atakuwa ametoa ada ya Sh. 10,800/- kwa ajili ya kukaa na Sh. 6,000/-. Hiyo ni 180 kwa mia kwa mwaka. Mkopeshaji amekwisha chukua malipo ya hatari yake katika ada hiyo. Anapokuja mara ya pili na kusema kumtafuta mkopaji kumemgharimu, anataka kulipwa mara mbili kwa jambo moja.

Tumekaa na vitabu vya sheria, tukauliza na wanaojua. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunataka kila mwakilishi wa tawi ayasome mbele ya wenzake.

Kwanza, sheria imeweka mpaka. Tangu mwaka 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinasema kuwa mkopo ukisha haribika, riba haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwapo siku ulipoharibika. Kama lilikuwa Sh. 6,000/-, riba isizidi Sh. 6,000/-, hata ipite miaka kumi. Kanuni za wakopeshaji wa simu, zilizotolewa Machi 2022, zimeweka mpaka wa namna hiyo hiyo juu yao.

Pili, na hapa tufungue macho, maana ndipo mwizi anapoingilia. Sheria hiyo inamruhusu mkopeshaji kudai pia gharama zilizotumika katika kulidai deni. Zilizotumika, ndugu! Si zilizobuniwa. Gharama iliyotumika ina karatasi: ada ya korti ina risiti, kazi ya wakili ina hesabu. Kijana aliyeketi na simu akipiga namba mia kwa siku, je, kila simu ni Sh. 1,800/-? Basi neno letu kwa mkusanya deni ni moja tu: tuonyeshe karatasi. Onyesha mahali tulipotia sahihi au kukubali. Onyesha risiti ya hiyo gharama. Asiyeweza kuonyesha, hana dai.

Tatu, kanuni hizo za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu, na kila amtumaye, kutumia vitisho, nguvu au lugha chafu. Zinamkataza kuwapigia watu walio katika simu ya mkopaji bila ruhusa, na kumtangaza mkopaji hadharani ili aaibike. Tena iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kaka yako hakukopa, na namba yake si rehani. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh. 2,975,000/- kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua. Kwa hiyo tusiambiwe kuwa malalamiko hayafiki po pote. Yanafika, yakipelekwa.

Nne, polisi. Deni la mkopo si kazi ya polisi. Iko njia ya kumfunga mdaiwa gereza la madai, lakini njia hiyo inapita kortini: lazima iwepo hukumu, na mdaiwa aitwe aeleze mbele ya hakimu kwa nini asifungwe. Hakuna mtu anayefungwa kwa simu ya saa kumi. Anayekwambia askari wako njiani, mwulize namba ya kesi na jina la korti. Utasikia kimya.

Tano, madalali. Dalali wa kweli ana leseni, na malipo yake yamepangwa katika Kanuni za Madalali za mwaka 1997. Akija na amri ya korti juu ya vyombo, huviandika, kisha hutoa notisi ya siku saba ili mwenye mali apate kukomboa. Hesabu yake ikiwa na ubishi, korti ndiyo inayoikata, si yeye mlangoni kwako. Na Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema viko vitu visivyoguswa katika kutimiza hukumu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi ya mtu. Fundi asinyang'anywe randa yake, wala mshoni cherehani yake.

Sita, mshahara. Sheria ya Ajira inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ifike mkononi mwako. Karani wa mishahara anayekubali kila karatasi ya mdai mpaka mtu aende nyumbani na mia mbili, huyo anavunja sheria, na tawi limwambie hivyo.

Hayo ni ya wengine. Sasa tujikosoe wenyewe, maana chama kisichojikosoa huoza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wako kati yetu wanaokopa kwa simu ya kwanza kulipa ya pili, na ya tatu kulipa ya kwanza, na fedha nyingine zimekwenda katika kamari ya mpira. Wako wanaobonyeza “nakubali” kabla ya kusoma mstari mmoja. Wako wanaobadilisha laini ya simu na kujificha, na kwa kujificha humpa mkusanya deni kisingizio anachokitaka. Anayejua atachelewa na aandike mapema, aseme siku atakayolipa, naye atunze nakala. Na kabla ya kukopa atazame: Benki Kuu hutangaza majina ya wakopeshaji walio na leseni. Asiye katika orodha hiyo usimpe hata jina lako.

Tena iko haya. Haya ndiyo mtaji mkubwa wa watu hawa. Dada yetu alitoa Sh. 1,800/- asizodaiwa, kwa sababu aliona ni afadhali alipe kuliko msimamizi asikie. Ofisi nzima ya mkusanya deni imejengwa juu ya haya hiyo. Ndugu, katika safu ya mashine kumi, watano wanapata simu zile zile, na kila mmoja anafikiri ni yeye peke yake. Siku wakiambiana, kitisho kimekwisha.

Tulifanya nini juu ya dada huyu? Tuliandika barua kwa kampuni. Tulitia nakala ya ujumbe wa deni kwisha, tukataja siku na saa za simu, na ile namba iliyopokea Sh. 1,800/-. Tukaomba mambo mawili: mapatano yanayoonyesha gharama hiyo, na fedha zirudi. Nakala zilikwenda Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data. Mpaka tunapiga chapa karatasi hizi kampuni haijajibu. Simu zimenyamaza, lakini Sh. 1,800/- hazijarudi, na dada bado analipa mkopo wa pili aliouchukua kwa hofu. Hatujashinda. Tusijisifu. Zisiporudi tutakwenda naye katika Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa Sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai mpaka Sh. 1,000,000/-. Sh. 1,800/- si kidogo. Ni unga wa nyumba, ni nauli.

Basi haya ndiyo tunayoyadai:

1. Katika mapatano yajayo na matajiri, kiwemo kifungu kuwa tajiri akichelewesha mshahara, faini na ada zote zinazompata mfanya kazi kwa ajili hiyo zilipwe na tajiri mwenyewe.

2. Hakuna gharama ya kukusanya deni bila risiti, wala malipo kwa namba ya mtu binafsi.

3. Mkopeshaji ajibu kwa matendo ya wakusanya anaowatuma. Asiseme “si watu wangu” naye anapokea fedha zao.

4. Msimamizi au karani akipigiwa simu juu ya deni la mfanya kazi, asijibu kitu, wala asimwadhibu mfanya kazi kwa habari hiyo.

5. Ushirika wetu wa akiba na mikopo uharakishe mikopo ya dharura. Mtoto mgonjwa hawezi kungoja kikao cha halmashauri cha mwezi ujao. Kama sisi tungalikuwa wepesi, dada huyu asingalikwenda kwa hao.

Kila Jumamosi baada ya kazi ofisi itakuwa wazi kwa jambo hili. Njoo na simu yako, usifute ujumbe hata mmoja, hata ule wa matusi. Andika katika karatasi siku, saa, namba na maneno yaliyosemwa. Usitume senti kabla hujaja.

Tajiri akichelewa tutamdai. Sisi tukidaiwa kwa haki tutalipa. Lakini hofu yetu haiuzwi tena.

Ukisha soma, mpe mwenzako. Asiyejua kusoma, msomee.

Wenu katika umoja,
Halmashauri ya Tawi