Mfanyakazi Mbele ya Mahakama ya Rufani

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi asidhani kuwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, itamsikiliza upya tangu mwanzo. Katika shauri la jinai au la madai lililoanzia Mahakama Kuu, majaji wake, ambao kwa kawaida huwa watatu, waweza kuupima tena ushahidi ulioandikwa. Shauri la kazi sivyo: kwa sheria ya mwaka 2004, huko hujadiliwa hoja za kisheria tu. Kwa hiyo barua ya ajira na karatasi za mshahara zitolewe, na mashahidi waitwe, mapema kabisa, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Naye aliyefukuzwa ana siku 30 tu za kuifikia Tume hiyo. Kumbembeleza mwajiri hakusimamishi hesabu yake.